Kelele za Herufi Kubwa

Mwaka wa tisini na nane, mtu wa Homa Bay aliyetaka kujiunga na vikundi vya majadiliano vya intaneti alifundishwa na karani mmoja wa kike, nyuma ya duka la vitabu. Kabla ya kila mgeni aliifuta kibodi kwa leso, kisha akarudia yale yale kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisani: "Soma kwanza wanachozungumza wenyewe. Usisalimie mmoja mmoja, wako mamia. Na usiandike kwa herufi kubwa, huko ni kupiga kelele." Siku moja, kwa kosa hilo la mwisho, Millicent, msichana aliyekuwa akijifunza kwake, alikuwa ameshapigwa naye rula ya vidole asubuhi hiyo.

Akaingia Mzee Ogutu kutoka Rusinga. Mwanawe alikuwa masomoni Kanada, na hakupatikana popote ila kwenye kikundi cha wanafunzi wa kwao. "Mwambie kwamba mama yake ametuacha," mzee akasema. Karani akaandika, akajisomea, akafuta yote. Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa na kuanza upya.

"Madam, si hiyo ni kelele?" Millicent akauliza.

"Ni kelele," karani akajibu bila kugeuka. "Mama ya mtu amekufa."