Vipande vya Reli na Kofia ya Mamba

Niliondoka Likasi kwa ajili ya mdogo wangu Georgette, mvuvi kwenye ziwa lililo juu ya Koni. Kambi kubwa ya ng'ambo ilikuwa imepata boti ya injini, na mkuu wake, Kapita Mulenga, alikuwa amekwisha kuzimeza ghuba mbili za uvuvi. Sasa aliitaka ya Georgette. Basi kambi tatu ndogo, ya Georgette ikiwemo, zikapatana: moja ikivamiwa, watu wa zote wanaingia majini. Walikosa king'ora tu. Mimi ni fundi wa kiwanda ambacho king'ora chake kilinyamaza siku kazi ilipokwisha, nikaomba vipande vitatu vya reli kuukuu, vya kugongwa kama kengele, nikavifunga kwenye baiskeli.

Siku ya kwanza: vilima, jua na pancha mbili. Nililala Koni, magoti yakinilaani.

Siku ya pili, mchana, nikafika ziwani. Georgette akanipokea kwa vigelegele, akiniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya! Uliacha chumvi, ukaleta vyuma?"

"Chumvi iko mu mufuko. Weye upike tu."

Tukala tukashiba, kisha tukatundika reli, moja kwa kila kambi.

Asubuhi ya tatu reli yetu ikalia. Boti ilikuwa imeingia ghubani. Nikarukia mtumbwi wa Georgette, ingawa sijui kuogelea. Lakini mitumbwi ikatoka kila upande, kumi na mmoja! Boti ikakosa njia, ikazima injini katikati yetu. Mulenga akasimama, akajipiga kifua.

"Munanijua? Minye ni mwana wa ukoo wa Mamba!"

Nikacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Sisi, kwa mama yetu, ni ukoo wa Samaki. Samaki na Mamba ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi, hata akikunyang'anya kitu.

"Mutani! Mamba gani anatembea na injini? Meno ilikwisha?"

Tukasogea ubavuni mwa boti. Nikamvua kofia, nikaivaa. Watu wake wenyewe wakaangua kicheko. Akajaribu kununa, akashindwa, akacheka pia.

"Haya, Samaki. Ghuba ni yenu. Na kofia yangu?"

"Utakuya kuiomba Likasi!"

Siku ya nne nilifunga samaki wakavu kwenye baiskeli, nimejaa furaha na majivuno. Nikamwambia Georgette ashushe reli, kwani utani umemaliza kazi.

"Yaya, kama tulikuwa mutumbwi moya tu, angezima injini asikie utani yako?"

Nikaiacha reli pale pale. Nikapanda baiskeli. Nyuma yangu akaigonga reli mara moja kuniaga, na kambi zile mbili zikaitika.