Spika Mbili na Salamu za Jumamosi

Rafiki yangu wa Kiplombe alininunia mwezi mzima. Tukikutana kanisani namnyooshea mkono, anaupokea kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Mwishowe nikamuuliza kuna nini.

"Nimekusalimia kwa redio Jumamosi nne," akasema. "Hujarudisha hata moja. Siku hizi umekuwa mkubwa?"

Salamu za redio ukisalimiwa lazima urudishe, na mimi hata sikuwa nimezisikia. Redio yetu ilikaa sebuleni, na saa ya salamu mimi huwa jikoni kule nje, naangalia maziwa yasimwagike. Kumbe jina langu lilikuwa linasomewa viti.

Binti yangu akanipeleka mjini tununue spika zisizo na waya, zile unaweka moja huku na moja kule, zote zinasema kitu kimoja. Muuzaji akawasha moja kubwa yenye taa za rangi. Ikapiga ngoma mpaka kifua kikatetemeka.

"Gogo, sikia hiyo bezi," akasema, akiniita vile wajukuu wangu huniita.

"Bezi nitaipikia nini? Nitafutie mtu anayesoma majina."

Akacheka, lakini akatafuta kwa simu yake stesheni iliyokuwa na salamu. Nikamwambia apeleke hiyo spika stoo, afunge mlango. Nikasikiliza nikiwa nje. Majina yaliyonifikia ni sita, mengine ni mngurumo tu. Akaleta nyingine ndogo, ya kijivu, kama mkebe wa majani chai. Hiyo ilipolia kule stoo, nikamrudishia majina yote yaliyosomwa, kila mtu na kijiji chake, hakuna aliyepotea.

"Mama, watu wananunua zile kubwa," binti yangu akaninong'oneza.

"Hao watu hawajanuniwa."

Tukachukua mbili ndogo. Moja ikakaa sebuleni, nyingine kwa rafu ya jikoni, mbali na moshi.

Jumamosi maziwa yalikuwa yanapanda nikasikia jina langu. Yakamwagika nikiyaangalia. Nikapigia redio hapo hapo. Nikamsalimia rafiki yangu, bwanake, watoto wao saba vile walivyozaliwa, halafu nikaingia kwa wajukuu wao. Nilikuwa nimefika wa kumi na nne mtangazaji akasema, "Mama, achia wengine nafasi," akakata.

Sijaweka simu chini, ikalia. Alikuwa ni rafiki yangu, anacheka mpaka anakohoa.

"Umemsahau yule mjukuu aliyezaliwa juzi," akasema.

"Sijamsahau. Ndiye alikuwa anafuata."