Asubuhi Mvua Ilipokatika

Juzi nilikwenda Kawe kumwona mjukuu wangu mchanga. Chumba kilinukia supu ya kuku yenye tangawizi. Binti yangu na mumewe Mchina walikuwa wakibishana kwa upole juu ya jina la Kichina la mtoto: mmoja anataka lenye maana ya utulivu, mwingine la ua. Mimi, ndugu yangu, mawazo yalisharudi Temeke.

Huko ndiko alikozaliwa mdogo wangu wa kike, alfajiri, baada ya mvua iliyopiga bati usiku kucha. Aliyemzalisha mama alikuwa daktari wa Kichina, jirani yetu. Mama akamwomba ampe mtoto jina. Hakulitoa papo hapo. Aliuliza mvua ilikatika wakati gani, kisha akauliza majina ya wazee wetu wote. Bibi akaiweka sawa kanga yake, akijua lake ndilo litakalochaguliwa. Kumbe daktari aliyauliza ili ayaepuke. Akatoa Shaoching: kumepambazuka, mbingu imetakata.

"Kwani jina langu lina ukoma?" bibi akauliza. Tangu siku hiyo, kwake mtoto akawa Tabu.

Bibi ndiye aliyegawa ukoko wa wali, nami niliupenda ukoko. Nikawafundisha watoto wa mtaa kuliimba jina alilotoa daktari huku wamebana pua. Mama aliendelea kulitumia, kwa sauti ya chini, akimwogesha uani. Mpaka siku moja alipomwita, mdogo wangu yuko na ungo anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Mama, usiniite hivyo. Watanicheka."

Mama hakuliita tena. Na bibi yuleyule alipenda kusema jina jema hung'ara gizani. Mwaka huu tumemzika mdogo wangu, na msalabani tumeandika Tabu.

Basi pale Kawe nikalitoa lile la kwanza la mdogo wangu, Shaoching, nikidhani nimepata pa kulirudisha. Mkwe wangu aliliandika kiganjani kwa kidole.

"Baba, zuri sana. Lakini ni la mdogo wako, bibi yake huyu. Kwetu mtoto hapewi jina la mkubwa wake. Tutamkosea heshima."

Mtu wa mbali alimwekea mdogo wangu heshima ambayo mimi, niliyekula naye sinia moja, niliiuza kwa ukoko. Nikasema sawa. Wakachagua la utulivu.

Lile la daktari sasa tunalijua watatu, na hakuna wa kuitwa.