Kopo Lililoogopa Joto

Miaka ile sikuweza kukaa mahali. Nikiwa Same, kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio, macho yalikuwa barabarani, na kila lori lililopita kuelekea Tanga niliona limeniacha mimi. Nikipanda mlimani Usangi kwa mama, siku ya pili tu miguu inaniwasha. Mama alisema nilizaliwa na upupu kwenye nyayo.

"Mwenda bure si mkaa bure," nilimjibu.

"Huenda akaokota. Haya, wewe umeokota nini?"

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Kila mtu aliulizwa anaishi wapi na anafanya kazi gani, na mimi jibu langu lilitegemea nani kauliza.

Ndipo akaja mpiga gitaa. Alikuwa kijana wa Kigoma aliyeletwa huku na kazi ya mkonge. Asubuhi alikata majani, jioni aliongoza bendi ya shamba. Alinijia kibandani na redio ya masafa mafupi, akatafuta stesheni ya mbali mpaka tukasikia gitaa linalokwaruza na kunguruma, sauti ya mtu mwenye mafua na hasira kwa wakati mmoja.

"Fundi, sauti hiyo naitaka. Nasikia kuna kidude wanakikanyaga kwa mguu. Utaweza kunitengenezea?"

"Kazi ndogo hiyo, kaka," nikasema, na kidude chenyewe sijawahi kukiona hata kwa picha.

Akaniambia pia kwamba bendi inahamishiwa Tanga baada ya mvua za vuli. Kwenye lori kungekuwa na nafasi ya fundi mmoja, kama ana kidude kinachofanya kazi. Kuanzia siku hiyo sikuwaza kingine. Hata redio za watu nilizitengeneza huku nikiwaza Tanga, na nyingine zilirudi zikiwa mbovu kuliko zilivyokuja.

Nilitumia nilivyokuwa navyo. Transista nilizing'oa kwenye redio kuukuu ambayo mwenyewe aliisusa. Kasha lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Swichi ya kukanyaga niliipata kwenye lori bovu, ile ambayo dereva huibonyeza kwa mguu wa kushoto kupunguza taa. Nilikuwa bado nachomea nyaya kwa risasi mama aliponiita: kuna msaragambo.

Kwetu baragumu likilia asubuhi, kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya wote, na nyumba isiyotoa mtu husemwa mpaka na watoto. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Nikapanda na kopo, gitaa la akiba la bendi, na redio ya betri ya kutumia badala ya amplifaya. Asubuhi nilizoa tope, mchana nikamalizia kazi yangu barazani. Usangi ilikuwa ndani ya ukungu, baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta. Nikapiga waya mmoja wa gitaa, nikakanyaga swichi. Redio ikanguruma, kuku wakatawanyika migombani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeiharibu?"

"Hapana mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Redio nzima inakoroma, halafu ndivyo inavyotakiwa," akasema, akarudi jikoni anacheka peke yake.

Kesho yake nikashuka Same nikiwa na furaha ya kuweza kuimba. Mazoezi yalikuwa saa nane mchana, kwenye ukumbi wa bati wa shamba la mkonge. Mpiga gitaa akakanyaga. Kopo likakohoa, kisha kimya. Nilifungua nikachomea upya kila kiungo. Nikabadilisha betri na waya, nikalaumu vumbi, nikailaumu barabara. Kimya. Yeye hakugomba, jambo lililoniuma zaidi.

"Lori halingoji mtu, fundi," akasema tu.

Nikapanda tena Usangi, maana kule ndiko nilikojua kwamba linafanya kazi. Likafanya kazi. Nikashuka, likafa. Nilipanda na kushuka hivyo mpaka kondakta wa basi la Mwanga akawa ananiuliza hali ya mgonjwa. Jirani zetu wakasema kopo ni mtoto wa mlimani, limekataa kwenda kukata mkonge. Nilicheka nao, lakini nilikuwa nimeanza kuogopa. Vuli ilikuwa inakwisha na kichwani niliwaona wenzangu wameshapanda lori.

Siku moja mvua ilinyesha tukiwa tunakula. Paa letu lilivuja juu ya meza, na mama, kwa huruma yake, akaliondoa kopo akaliweka karibu na mafiga lisilowe. Nilipomaliza kula nikalijaribu. Likakohoa, kisha kimya, kama Same kabisa. Nilitaka kulitupa migombani. Nikalishika: la moto. Nikatoka nalo hadi ukingo wa baraza, penye upepo wa manyunyu, nikawa napiga waya uleule, tena na tena. Kwanza ilikuja mikwaruzo, halafu ngurumo yake yote.

"Joto! Mama, ni joto!"

"Si nimeliweka motoni? Ulitaka liwe baridi?"

Transista zile za zamani hulegea zikipata joto, na mimi nilizipimia katika ukungu. Nilitengeneza kidude cha Usangi nikitaka kikaishi tambarare. Na hilo Mpare gani halijui? Unashuka na sweta, ukifika Mwanga chini ya mlima unalivua. Nilikuwa nimelivua langu kila safari, nikaliacha kopo na lake.

Ningeweza kulipimia Same, lakini Same yenyewe mchana ni tanuri na alfajiri inatetemesha. Basi nikang'oa rezista moja, kile kipande cha kupunguza umeme, mahali pake nikaweka volyumu ya redio mbovu, kitufe chake nikakitoa juu ya kopo. Kukiwa na joto unazungusha kulia, kukiwa na baridi kushoto. Kazi nzuri kuliko hiyo sijawahi kuifanya, na nasema hivyo bila haya.

Ukumbini, bati likilia kwa jua, mpiga gitaa alikanyaga na kopo likakohoa.

"Zungusha kulia," nikamwambia. "Kidogo kidogo."

Likanguruma. Wakata mkonge wakajaa madirishani. Yeye akapiga, akazungusha kushoto likanyamaza, akazungusha kulia likarudi, anacheka kama mtoto.

"Kumbe ni hivi tu? Hata mimi naweza!"

"Hata wewe, kaka," nikasema. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutosikia nilichokuwa nakisema.

Siku ya safari nilifika na begi langu na pasi ya kuchomea. Lori lilikuwa limejaa ngoma, spika na watu. Mpiga gitaa akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, ile nafasi wamempa mpiga tumba. Wanasema kidude kimeshapona, fundi wa nini? Kingekuwa bado kinasumbua…"

Hakuwa mtu mbaya. Lori liliondoka na kopo langu, nami nikabaki barabarani na hasira isiyojua pa kwenda.

Nilipanda Usangi kabla watu wa mjini hawajaniuliza kwa nini bado nipo. Baragumu lilipolia tena, nilisimama ndani ya ndiva nikijaza tope kwenye karai na kumpandishia mama aliyekuwa ukingoni. Jirani alikuwa ametundika redio kwenye mti wa kahawa. Mtangazaji akasema wanajiunga na dansi ukumbini Tanga, na kabla hajamaliza nililitambua kopo langu, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nilisimama wima. Lakini katikati ya wimbo sauti ikaanza kukatika, ikakwama, ikarudi, ikakwama.

"Betri zinaisha," akasema jirani, akaipiga redio kofi.

Betri zilikuwa nzima. Tanga kulikuwa na joto, na mikono yote ya bendi ilikuwa kwenye ala, hakuna wa kuzungusha kitufe.

"Kulia," nikasema. "Zungusha kulia kidogo."

Watu wakageuka kunitazama. Mkono wangu, umejaa tope, ulikuwa unazungusha hewa. Mama akashuka ndivani, akainama akachukua karai miguuni pangu, na safari hii hakucheka.