Picha Nne za Mama Mkwe

Nilikosa, jamani! Nianze hapo hapo kabla sijajitafutia visingizio. Nilimtia mama mkwe wangu kwenye gemu ya kompyuta bila kumwomba ruhusa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiishi Malvern, hapa Toronto. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mama yake akaja kutoka Morogoro kumlea mzazi na kichanga. Mimi nilikuwa nikichora picha za gemu katika kampuni ya watu watatu. Msidhani ni kazi ya kifahari! Unapewa rangi kumi na sita, basi. Unamchora mtu kwenye karatasi ya miraba kwa penseli za rangi, kisha unamhamishia kwenye kompyuta, kidoti kimoja kimoja.

Sura haikai kwenye vidoti vichache hivyo. Macho mawili, kwisha. Kinachomtambulisha mtu ni mwendo, na mwendo wenyewe ni picha nne tu zinazopokezana.

Bosi alitaka jitu la kike la kulinda daraja. Nami nikiwa na karatasi zangu mezani jikoni, mama akapita kwenda kumbembeleza mtoto: mkono kiunoni, bega la kulia chini, kichwa kimemtangulia. Lo! Nikachora. "Nani atamjua?" nikajiambia. Mpumbavu mimi!

Disketi zilipotoka nikaleta moja nyumbani, kifua mbele. Mwanangu wa miaka mitano na wenzake wa jengo letu wakajazana. Jitu likatokea, likapiga hatua mbili.

"Look, it's Bibi!" mwanangu akapiga kelele. Wenzake wakacheka mpaka wakagaagaa, kisha wakaanza kulirushia jitu mawe.

Mama alikuwa mlangoni, kichanga mgongoni. Aliliangalia jitu likitembea.

"Kumbe ndivyo ninavyotembea," akasema.

"Mama, nisamehe, ni picha nne tu..."

"Sijakasirika, baba. Umenipatia kweli kweli."

Heri angenitukana! Tangu siku ile, miezi mitano mizima, hakutembea tena mbele yangu. Nikiingia sebuleni, anaketi. Nikikaa, hanyanyuki. Maziwa yakifurika jikoni, anamwita binti yake. Niliomba ofisini jitu libadilishwe, lakini disketi zilishasambaa. Ikawa kila nikirudi kutoka kazini nakohoa kwanza mlangoni, kumpa mama nafasi ya kufika kwenye kiti. Nyumbani kwangu mwenyewe! Niliona aibu, na nilitamani kumwona akipita tena.

Siku ya kurudi kwao, pale uwanja wa ndege, akaomba kiti cha magurudumu. Magoti mazima kabisa!

"Nisije nikampa mumeo picha ya tano," akamwambia mke wangu.

Mhudumu akamsukuma mpaka upande wa pili wa ukuta wa kioo, wasikoruhusiwa wasindikizaji. Nikajua ndiyo basi. Mara akamsimamisha mhudumu, akainuka, akanigeukia. Mkono kiunoni, bega chini. Akapiga hatua nne, akijitikisa kuliko nilivyomchora, kisha akaketi akicheka. Mke wangu alicheka naye. Mimi nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema.

Hatukuonana tena.

Basi ninyi mnaochora, msichukue mwendo wa mtu bila kumwomba. Na kama hamwezi kujizuia, mkwe mchoreni ameketi! Mimi kwa picha nne nilijinyima miezi mitano ya kumwona mama akipita jikoni kwangu.