Waya Kwenye Migomba ya Babu Mdogo

Baba alikatwa koromeo katika hospitali moja ya Dar, na tangu siku hiyo simu ya kawaida ikawa haina kazi kwetu. Ukipiga, mama anapokea, anamwekea baba sikioni, wewe unaongea, na upande wa pili unasikia pumzi tu, kama mtu anayekoroma ndani ya ndoo. Chakula walikuwa wanampitishia kwenye mpira uliopenyezwa tumboni. Kansa. Nilimwambia jamaa mmoja darasani kwamba baba yangu ndiye mzazi pekee Tanzania nzima asiyeweza kunigombeza. Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Mama alikuwa naye Dar anamuuguza. Nyumba tuliyokuwa tumepanga mjini, Mawenzi, tukaiachia, na mimi nikapakiwa kwenye pikapu pamoja na godoro langu na kabati lisilofunga, nikapelekwa kijijini Masama kwa bibi mzaa baba. Kidato cha tatu, mtoto wa mjini, naamshwa saa kumi na moja kukatia ng'ombe majani. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ananiangalia kwa dharau. Sikumlaumu.

Bibi nyonga yake ilivunjika mwaka juzi na haikuunga vizuri. Safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nyumba imekaa bondeni, mgongo wa kilima umeiziba upande mmoja, migomba na mibuni imeziba kwingine kote, kwa hiyo netiweki ilikuwa kijiti kimoja, nacho kikijisikia. Ujumbe mfupi ulikuwa unaingia. Kuonana na mtu kwenye simu, uso kwa uso, ng'o.

Na bibi alikuwa anataka hicho tu: amwone mwanawe. Hakuomba dawa ya nyonga wala blanketi jipya. Kila asubuhi ananiita, "Mume wangu, leo nitamwona?" Huko kwetu bibi akikuita mume ni utani wa kawaida, ila mimi nilikuwa mume nisiye na jibu. Mama alishaniambia, siku nilipopanda kilimani kumpigia, kwamba madaktari wamewashauri wasipange mambo ya mwakani. Alisema hivyo hivyo, kama anazungumzia mahindi.

Juu kilimani, kwenye uwanja wa kanisa, netiweki inashika vizuri. Basi nikajiona mjanja. Nikaenda huko, mama akanitumia video ya baba akipunga mkono, nikashuka nayo mbio nikamwekea bibi. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. Akamsalimia, akamuuliza amelalaje. Baba akapunga. Akamuuliza tena. Baba akapunga vile vile.

"Mbona hajibu?"

Nikamwambia bibi, si unajua hawezi kuongea.

"Sijamwambia aongee. Nimemuuliza kama ananiona."

Ikabidi niseme ukweli, kwamba ile ilishapigwa toka asubuhi. Bibi akanirudishia simu. Akasema kama mwanawe hamwangalii naye anamwangalia, hiyo ni picha ya marehemu, niiondoe kitandani kwake. Wiki iliyofuata majirani wawili walijaribu kumbeba kwa kiti kumpeleka kilimani. Hawakufika hata njia panda. Maumivu yalimfanya ang'ate kanga yake mpaka ikatoboka, wakamrudisha.

Wazo la waya lilikuwa la mama. Sebuleni kwa bibi kuna simu ya ukutani ya enzi hizo, ya kuzungusha namba kwa kidole. Marehemu babu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, ndiyo maana alivutiwa laini wakati wengine wanatuma watoto. Simu yenyewe ilikufa kabla sijazaliwa. Bibi aliivalisha kitambaa cha kufuma, unaweza kudhani ni bi harusi. Mama aliulizia huko Dar akaambiwa intaneti inaweza kupita kwenye waya ule ule, mradi uwe mzima kutoka nyumbani mpaka kwenye kasha la simu kule sokoni. Akaomba fundi.

Fundi akaja Jumanne na ngazi yake. Alipoivua simu kitambaa, akacheka kidogo, halafu akaomba radhi kama mtu aliyecheka msibani. Akafungua kidude cha ukutani, akapima. Hakuna kitu. Tukatoka kufuata nguzo. Ya kwanza nzima, ya pili nzima. Ya tatu ilikuwa ndani ya kihamba cha babu mdogo, shamba lake la urithi, na kutoka hapo kwenda ya nne hakukuwa na waya. Tukainua macho tukautafuta hewani. Kumbe ulikuwa chini. Migomba ya babu mdogo ilikuwa na mikungu mizito, na kila mgomba ulioinama ulikuwa umeegemezwa mti na kufungwa kwa waya wa simu, kwa mafundo mazuri kabisa.

Babu mdogo ni mdogo wake marehemu babu. Vihamba vyao vimepakana, na huo mpaka ndio uliowafanya wasisalimiane miaka yote niliyowajua. Babu alipozikwa, babu mdogo alikuja, akasimama barabarani na kofia mkononi mpaka tukamaliza kufukia, akaondoka bila kuonja hata maji.

Fundi alimsalimia kwa adabu zote na kumweleza. Babu mdogo akamjibu kwamba nguzo anajua ni ya serikali, lakini hewa iliyo juu ya migomba yake ni yake. Fundi akarudi kwangu. Alisema ana waya mpya kwenye gari, kazi ni ya saa mbili, ila hapandi nguzo kwenye shamba la mtu aliyekataa. Angepita tena Alhamisi. Baada ya hapo alikuwa anapelekwa Rombo, mwezi mzima.

Mwezi mzima. Nilipiga hesabu ya baba nikaiacha katikati.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nichukue isale. Hilo kwetu hata mtoto wa mjini analijua. Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, na ukimpelekea mtu uliyekosana naye jani lake, hawezi kukufukuza kabla hajakusikiliza. Bibi akanipa masharti: jani moja, nilikate kaburini kwa babu, nilishike kwa mikono miwili, na nisianze mimi kuongea. Hilo la mwisho alilirudia mara tatu. Ananijua.

Sasa kaburi liko nyuma ya zizi na mvua ilikuwa imenyesha, tope mpaka magotini. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Ukweli ni kwamba siku zile nilikuwa sipiti upande wa kaburini, kwa sababu pembeni ya kaburi la babu kuna nafasi. Basi nikachukua isale la karibu, pale mpakani, na sikukata jani. Nilivunja kilele chote na kipande cha shina lake, nikiwaza kwamba msamaha mkubwa unahitaji majani mengi.

Babu mdogo alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Nikampigia magoti, mikono miwili, kimya, mtakatifu kabisa. Aliliangalia lile isale kwa muda. Halafu akaangalia njia niliyotokea.

"Umelitoa wapi?"

Nikasema hapo tu, babu.

"Yaani umekuja kuniomba msamaha na mpaka wangu mkononi?"

Nilitaka kucheka. Huwa nataka kucheka wakati mbaya, ni ugonjwa. Yeye alishasimama. Akanitanguliza mpaka pale nilipovunja, akaonyesha kile kisiki kinachotoka maji, akaniuliza kama najua ni nani mwingine aliwahi kusogeza isale la pale. Akasema ni babu yangu, na ndiyo sababu ya yote, na sasa amemtuma mjukuu kumalizia. Akaniamuru nilipande nililolivunja, maana isale ukilichomeka ardhini linashika.

Nikafikiri haraka. Kama ugomvi ni ardhi, si nimpe ardhi yaishe? Nikapiga hatua moja kubwa kuingia kwetu, nikachimba kwa kidole, nikalichomeka hapo. Nilikuwa nimempa hatua nzima ya kihamba cha bibi, na mibuni miwili juu yake. Kwa waya ningempa na zizi.

Babu mdogo akaja, akaling'oa. Akalirudisha ubavuni mwa kile kisiki, palepale lilipokuwa, akalikandamizia udongo kwa kisigino.

"Ardhi si yako kugawa," alisema. Alikuwa bado ameinama. "Baba yako anaongea?"

"Haongei, babu."

"Hata neno?"

"Hata neno. Wamekata. Bibi anataka amwone tu."

Akalikandamiza tena, safari hii kwa kiganja. Baba, niliambiwa baadaye, alijifunzia kutembea kwenye kibaraza cha huyo mzee, kabla ya ugomvi. Yeye hakunieleza. Alikwenda kwenye mgomba wa kwanza akaanza kufungua fundo. Nilipotaka kusaidia akaniambia nitavunja na migomba.

Alhamisi fundi akakuta waya umekunjwa vizuri chini ya nguzo ya tatu. Hakuutumia, umechoka, akavuta mpya. Mchana akaweka kisanduku cheusi cha intaneti mezani chini ya simu ya babu, taa zikapepesa, moja ikagoma, akapanda tena nguzo, ikawaka. Akasema haitakuwa na kasi, tusiitegemee kwa mambo makubwa. Nikamwambia letu ni dogo.

Nilikaa kitandani kwa bibi, simu nikaiegemeza kwenye mto. Babu mdogo alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni. Bibi akamwambia aingie, mvua inampiga. Kwanza kikatokea kipaji cha uso cha mama, kikakwama, halafu baba.

Sikuwa nimemwandaa bibi. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiandaa. Mashavu hayakuwepo.

"Huyu ni marehemu babu yako," bibi alisema. "Kwa nini mnanionyesha marehemu?"

Baba akachukua daftari, akaandika, akaliinua. Bibi hajui kusoma. Nikamsomea: "Shikamoo mama." Bibi aliniitikia mimi, halafu akageukia simu akaitikia tena, polepole. Akauliza kama ni yeye kweli, aseme nani alikunywa maziwa ya mgando ya wageni akamsingizia paka. Baba akanyoosha kidole juu, kama mwanafunzi. Bibi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akagusa kioo, picha ikahama, ikabidi niirudishe.

"Unaniona?" akamuuliza.

Baba akatikisa kichwa kukubali. Akaandika tena. Nilisoma kabla ya kutamka: Nimeruhusiwa. Nakuja Jumamosi. Nyuma yake mama aligeukia ukutani, na hapo nikaelewa wamemruhusu kwa nini. Mlangoni babu mdogo alivaa kofia yake, akaivua. Ningeweza kumsomea bibi kitu kingine, angejuaje? Nikamsomea kama kilivyoandikwa.

Bibi alipiga makofi. Akaanza kumtajia atakachompikia. Mtori wa ndizi na nyama ya mbavu, na baba akakubali kwa kichwa. Kiburu, ndizi na maharage vikipondwa mpaka vilainike, akakubali tena. Maziwa ya mgando, na safari hii hatafichiwa. Baba, ambaye hakuna kilichopita kooni mwake tangu walipomkata, alikubali kila sahani, mpaka picha ikaanza kukatika vipande. Kabla haijakatika kabisa akaandika mara ya mwisho, haraka, akalisogeza daftari karibu.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anasema usizidishe chumvi," nikamsomea.

Bibi akasema tangu lini yeye amezidisha chumvi, mtoto huyu hana shukrani, na akamwambia babu mdogo amtolee mkungu mmoja wa mtori kwa ajili ya Jumamosi. Babu mdogo alisema upo, akatoka kwenda kuukata.