Mashine Inajiita Binti wa Mama Yangu

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu usiipunguze.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nimeolewa upande wa Ikutha, Kitui. Kwenye kikundi chetu cha wanawake mimi ndiye ngui, yaani ninatunga nyimbo na kuziongoza, wengine wakiitikia huku tukibeba mawe. Kwetu ngui hujitaja ndani ya wimbo wake ili watu wajue ni wa nani. Mimi hujitaja kwa mama yangu: "mwana wa Syombua." Hilo Syombua nimelibadilisha hapa nisijulikane. Mama ndiye alinifundisha kuimba, na tulimzika mwaka juzi.

Mwaka jana shirika moja lilikuja kutusaidia kujenga bwawa la mchanga mtoni, ukuta wa kukinga mchanga unaotunza maji. Sisi tunatoa mawe na nguvu, wao wanatoa simiti. Afisa wao, kijana wa maneno matamu, alikuwa akinirekodi kwa simu tukifanya kazi. Nikamuuliza anarekodi za nini. Akasema, "Ni za kumbukumbu tu, mama."

Mwezi uliopita binti yangu akanionyesha video ya shirika hilo. Bwawa letu linaonekana, na nyuma kuna wimbo wa Kikamba. Sauti ni ya mwanamke nisiyemjua, laini, ya mtu ambaye hajawahi kubeba jiwe. Lakini wimbo ni wangu, maneno yamegeuzwa kidogo tu, na katikati anaimba kwamba yeye ni mwana wa Syombua. Mama yangu alizaa msichana mmoja, na ni mimi. Nilikaa chini pale jikoni nikalia. Halafu binti yangu akanisomea maandishi ya chini: wimbo ni mali ya shirika, usitumiwe bila ruhusa.

Nilimpata afisa sokoni siku ya mnada wa mbuzi. Nikamwambia ule wimbo ni wangu.

"Hapana, mama. Hiyo imetengenezwa na AI. Tuliiwekea nyimbo za huku ikajifunza, ikatunga yake."

"Na hiyo AI ilimjua mama yangu wapi?"

Akacheka. Alicheka kweli, mbele ya watu. "Iliskia hiyo jina kwa kila wimbo, ikadhani ni chorus. Si ufurahi tu, mama? Umesaidia teknolojia."

Nilitamani kuvua kiatu. Hawa watu huandika jina la shirika lao hata kwenye toroli na ndoo, lakini langu limewashinda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nimenyongwa, na haki yangu wameiweka mfukoni.

Kilichoniuma zaidi ni mwenyekiti wetu, mwanamke aliyekuwa akiimba na mama yangu tangu nikiwa mdogo. Nilimweleza nikidhani atasimama na mimi. Akaniambia, "Ngoja kwanza simiti ya bwawa ya pili waliyotuahidi ifike. Ukianza maneno saa hii hao watu wataenda, turudi kutafuta maji na punda. Wimbo si utatunga ingine?" Wenzangu waliokuwa pale wote wakamwitikia kwa kichwa.

Sasa wiki ijayo bwawa linafunguliwa. Wageni wakubwa watakuja, na afisa ametupangia namna ya kuwapokea. Spika itapiga ule wimbo wao, sisi wanawake tusimame nyuma tuitikie. Na mimi nimo, nimepangwa mstari wa nyuma.

Nikikataa mbele ya wageni na simiti isije, wanawake wenzangu watanilaani kila wakishika mtungi, na watoto wao ni kama wangu. Nikiitikia, nitakuwa nimekubali mbele ya Ikutha yote kwamba mama yangu ana binti mwingine, na huyo binti ni mashine ya watu wa ofisi. Nishaurini ndugu zangu, ila msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Spika ikitaja jina la mama yangu, nifungue mdomo niitikie, au niende niichomoe waya?